Dakika Arobaini Bila Kulia

Baba yangu aliniletea mtoto wa mbwa Jumapili alasiri, kwa miguu, kutoka kwake Kisugu hadi kwangu Bugolobi, akiwa amemtia ndani ya mfuko wa mkonge na kumfunika kwa gazeti. Kichwa kilikuwa kimeshatoboa gazeti. Kilikuwa kichwa cheusi chenye sikio moja lililosimama na jingine lililokataa, na kilitazama ngazi za jumba letu kwa makini, kama mpangaji anayekagua nyumba kabla ya kukubali.

"Huyu ndiye mlinzi wako," Baba alisema huku akihema. "Kula anakula. Kubweka bado."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mpiga chapa katika ofisi moja huko kwenye viwanda, na nilikaa peke yangu ghorofa ya pili. Majuma mawili kabla ya hapo, kondo, yaani majambazi wa bunduki, walikuwa wamevunja mlango katika jumba lililo jirani na letu, na tangu siku hiyo Baba hakuwa akilala vizuri. Alikuwa polisi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliipitisha na mbwa wa polisi kambini Naguru, ambako mimi nilizaliwa. Yeye alitoka pembe moja ya kaskazini na Mama pembe nyingine, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, basi walipatana kwa Kiswahili na mimi nikakua nacho. Baba hakuwaona mbwa kuwa wanyama. Aliwaona watumishi wa serikali, na aliwazungumzia hivyo: fulani alikuwa hodari lakini mvivu, fulani alistaafu mapema kwa sababu ya mguu.

Alinitengenezea pia mahali pa mlinzi kulala. Lilikuwa sanduku la mbao nyepesi, la aina ile iliyosafirishiwa majani ya chai, ambalo yeye alililaza ubavu na kulitilia mlango wa waya. Ndani tulitandika gunia na blauzi yangu kuukuu. Mtoto wa mbwa aliingia, akazunguka mara tatu, akalala. Baba akapiga makofi mara moja, akaondoka zake. Tulidhani kazi imekwisha.

Kazi ilianza Jumatatu asubuhi nilipotoka kwenda kutupa taka. Nilikuwa nimeomba likizo ya juma moja; nilimwambia bosi kwamba nina mgeni asiyeweza kukaa peke yake, na hayo yalikuwa kweli tupu. Lakini sikujua ni kweli kiasi gani mpaka nilipofunga mlango na kushuka ngazi tano. Kilio kilikuwa na hatua tatu. Ya kwanza ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Ya pili kama birika linalokaribia kuchemka. Ya tatu sina mfano wake, ila mwanamke aliyekuwa akianika nguo uani aliziacha akajishika kifua kwa mikono miwili.

Niliporudi, sajini alikuwa amesimama mbele ya mlango wangu.

Huyu alikuwa jirani yangu wa juu, sajini wa jeshi, mtu mrefu sana, mwenye sauti ya chini. Alilinda usiku, mahali ambapo hakuna aliyemuuliza, na alilala mchana juu ya dari yangu. Alikuwa amevaa fulana, suruali ya kazi, na miguu mitupu.

"Mama, nani naua hii kitu yako?"

"Hakuna anayemuua, Afande. Nilitoka tu kutupa taka."

"Dakika ngapi?"

"Mbili."

"Mbili!" Alitazama dari kana kwamba kuna mkubwa wake huko. "Sikiza. Mimi natoka kazi, nataka lala. Wiki ingine wewe naenda ofisi, eh? Dakika ngapi hiyo?"

Ilikuwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, na sote wawili tulijua kuhesabu.

"Napatia wewe mpaka Jumamosi," alisema. "Jumamosi iko mimi nalala. Kama nalia tena, nashuka, namaliza maneno."

Hakusema atayamaliza kwa kitu gani, na miaka ile, jeshi likiwa ndilo serikali, hukumuuliza mwanajeshi swali la namna hiyo. Nilimtazama mtoto wa mbwa kupitia waya. Alikuwa akitikisa mkia wake wote pamoja na nusu ya mwili, kwa sababu nilikuwa nimerudi kutoka jalalani.

Siku hiyo ya kwanza nilijaribu kila nililolisikia. Nilifunga saa ya mezani kwa kitambaa na kuiweka kando yake, kwa kuwa mtu fulani ofisini aliwahi kusema mlio wake hufanana na moyo wa mama. Aliifungua kitambaa na kuitafuna ufunguo. Nilijaza maji ya moto kwenye chupa ya soda. Aliilalia, akalia akiwa amepata joto. Mwishowe nikamfungulia redio. Bendi ya jeshi ilipiga na mambo yakaenda vizuri kabisa. Nikafika hadi ngazi ya chini nikiwa na matumaini. Kisha muziki ukakatika, msomaji akaanza kusoma tangazo la serikali, na mtoto wa mbwa akainua pua juu na kuomboleza. Aliomboleza kila aya. Msomaji alipotua, naye alitua. Msomaji alipoendelea, naye aliendelea, na tangazo lilipokwisha alinyamaza hapo hapo. Nilipanda ngazi mbili mbili, nikazima redio, nikafunga madirisha yote. Watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo, na sikuwa na maelezo ya kumpa yeyote. Nilikaa sakafuni nikiwa nimejiziba mdomo kwa mkono, nikicheka hadi machozi yakanitoka, naye akayalamba.

Jumanne nilikwenda Kisugu kumwona Baba, nikiwa nimembeba mtuhumiwa ndani ya mfuko ule ule. Baba alisikiliza taarifa yangu yote bila kunikatiza, kama alivyokuwa akisikiliza taarifa kambini.

"Ukitoka, unamuaga?" aliuliza.

"Namuaga."

"Kwa maneno gani?"

Niliona aibu kidogo. "Namwambia, kwaheri mpenzi wangu, usilie, mama anarudi sasa hivi, pole, pole sana."

Baba alifumba macho kama mtu anayeumwa jino. "Ukiniambia mimi hivyo, mwanangu, hata mimi nitalia."

Kisha alinipa amri, moja baada ya nyingine, na mimi nikaziandika kwenye daftari. Usimuage. Usimpe pole. Mtoto huyu halii kwa sababu umetoka. Analia kwa sababu hana habari kama utarudi. Basi mpe habari hiyo mara nyingi, kidogo kidogo: toka kwa muda wa kuvuta pumzi kumi, rudi. Toka pumzi ishirini, rudi. Rudi akiwa kimya, usirudi akilia, maana ukirudi akilia umemfundisha kuwa kilio ndicho kinachokuleta. Na tangu mlango ufungwe mpaka ufunguliwe, sauti yako asiisikie kabisa. Akiisikia nyuma ya mlango atakuita mpaka koo likauke.

"Na viatu," akaongeza. "Na funguo, na kikapu. Anajua kuwa hivyo ndivyo vinavyokuchukua. Vivae, vishike, halafu kaa chini. Mpaka avichoke."

"Itachukua siku ngapi?"

"Sisi tulichukua majuma matatu."

"Nina siku nne."

Baba alimtazama mtoto wa mbwa, na mtoto wa mbwa akamtafuna kamba ya kiatu. "Basi anza leo," alisema.

Nilianza jioni ile ile. Nilivaa viatu vya kazini, nikashika funguo, nikatia kikapu mkononi, nikakaa kitini. Nilivua, nikavaa tena, nikakaa. Nilifanya hivyo mara thelathini na nane. Imo kwenye daftari. Mara za kwanza alisimama sandukuni na kutetemeka. Kwenye mara ya ishirini na kitu alinitazama kwa wasiwasi wa aina nyingine, kama mtu anayehofia akili ya mwenzake. Kwenye mara ya thelathini na nane alipiga mwayo mrefu wenye sauti, akanigeuzia makalio. Nilitaka kupiga vigelegele, lakini amri hazikuruhusu.

Jumatano tulifika dakika tatu. Alhamisi asubuhi dakika tisa, kisha akaanguka vibaya mchana, dakika moja na nusu, kwa sababu nilipiga chafya ngazini. Juu ya dari nikasikia mtu akijigeuza kitandani. Nilisimama pale ngazini nikiwa nimebana pua kwa vidole, nikisubiri miguu ishuke. Haikushuka. Ijumaa tulifika dakika ishirini na mbili, na nilikula chakula cha mchana nikiwa nimesimama, kwa furaha.

Jumamosi saa nne kasoro dakika tano nilimtia mtoto wa mbwa sandukuni, sikumuaga, nikatoka na kikapu changu mkononi, viatu miguuni, daftari kwapani. Nilifunga mlango kwa ufunguo. Nilijipangia dakika arobaini. Nilisimama nikiwa nimeegemeza sikio karibu na mbao, macho kwenye saa ya mkononi. Kimya. Dakika nne. Kimya.

Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Alitoka jirani yangu Mkongo, mama aliyeuza vitenge, mwanamke mnene mchangamfu aliyeimba kwaya kanisani. Alinitazama. Aliona mtu aliyesimama mbele ya mlango uliofungwa, na kikapu kitupu, akitazama saa. Lazima nieleze kwa wale ambao hawakuwapo: mwaka ule sukari ilikuwa imepotea, na sabuni, na chumvi, na kiberiti. Ukimwona mtu amesimama na kikapu, hata kama ni mlangoni kwake mwenyewe, hukuuliza. Ulisimama nyuma yake kwanza. Maswali yalikuja baadaye, ukiwa na nafasi yako.

Alirudi ndani mbio, akatoka na kikapu, akasimama nyuma yangu.

"Banauzisha nini, yaya?" alininong'oneza kwa Kiswahili cha kwao: wanauza nini, dada?

Nikaweka kidole mdomoni.

Nilikusudia kumwambia kwamba mtoto wa mbwa asisikie sauti yangu. Nilimwona akielewa jambo jingine kabisa. Macho yalimpanuka, akaitikia kwa kichwa polepole, naye akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha hivyo hivyo bibi mmoja aliyekuwa akipanda na ndoo. Bibi aliiweka ndoo chini, akasimama nyuma yake.

"Sukali?" bibi alinong'ona.

"Nyamaza, mama. Iko ya siri."

Kutoka hapo mambo yalikwenda yenyewe. Sikusikia mtu akimwita mwenzake, lakini milango ilifunguka chini yetu mmoja baada ya mwingine na kandambili zikapanda. Kufikia dakika ya kumi na tano foleni ilikuwa imeshuka ngazi, ikapinda, ikaendelea. Nilihesabu watu kumi na tisa niliowaona, na kopo moja lililokuwa likimshikia nafasi mtu aliyekwenda kuzima jiko. Wote walinong'ona. Wengine walisema ni sabuni. Mwanamume mmoja chini huko alisema amesikia harufu ya sukari tangu jana.

Nami sikuweza kusema neno. Dakika kumi na sita bila kulia! Ningetamka moja tu na ingekuwa kazi bure. Nikafungua daftari, nikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA SUKARI. NAFUNDISHA MBWA. Nikampa yule mama Mkongo. Alisoma, akanikonyeza jicho, akaandika jina lake chini yake na kando yake kilo mbili, akampa bibi kalamu. Nilitaka kulinyakua daftari lakini lilikuwa limeshashuka ngazi.

"Mjanja sana huyu," nilisikia mtu akinong'ona akilisoma. "Kama hana, kwa nini aandike kuwa hana?"

"Na mbwa ndio bei?"

"Andika jina wewe, unachelewesha watu."

Daftari lilirudi likiwa na majina ishirini na sita. Mabega yalikuwa yakinitikisika kwa kicheko nilichokimeza. Machozi yalinitoka, na bibi wa ndoo alinipigapiga mgongo kwa huruma, akidhani nalilia watoto walio nyumbani na njaa. Na nyuma ya mbao zile, kimya.

Kisha kitanda cha juu kililia, na mlango wa juu ukafunguka.

Kicheko kiliniisha. Minong'ono nayo ilikatika kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayezima taa moja moja. Kuuza sukari kwa siri lilikuwa kosa la kukupeleka mbali, na kuipangia foleni hakukuwa bora sana. Lakini hakuna aliyeondoka. Mtu akikimbia mbele ya mwanajeshi amekiri. Miguu mitupu ilishuka ngazi bila haraka, na sajini akatokea, fulana ile ile, mkunjo wa mto bado shavuni. Alisimama ngazi moja juu yangu akaitazama foleni mpaka ilipopinda.

"Iko nini hapa?"

Alinitazama mimi, niliyekuwa wa kwanza. Mkono wangu ulipanda wenyewe, kabla sijaufikiria, ukaweka kidole mdomoni. Nilimnyamazisha sajini wa jeshi mbele ya watu kumi na tisa.

Alikitazama kile kidole muda mrefu. Kisha akainama karibu na sikio langu.

"Sukari?" alinong'ona.

Mama Mkongo akaitikia kwa niaba yangu.

Sajini aligeuka, akapanda ngazi mbili mbili kwa ncha za vidole, akarudi na sufuria ya kambi yenye mfuniko. Wanajeshi hawakupanga foleni miaka ile; walikwenda mbele. Akapita, akasimama mbele yangu, pua yake ikiwa shubiri moja kutoka kwenye mlango wangu mwenyewe. Nikawa wa pili nyumbani kwangu.

"Nafungua saa ngapi?" aliuliza kwa mnong'ono.

Nilimwonyesha saa, kisha vidole: dakika kumi na moja. Akaitikia kwa kichwa, akaishika sufuria kwa mikono miwili.

Nimesimama katika foleni nyingi tangu wakati ule, na hakuna iliyokuwa kimya kama ile. Mara moja, kwenye dakika ya thelathini na tano, gunia lilikwaruza ndani. Sajini aliinamisha kichwa akasikiliza, akanigeukia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Napima kilo," alininong'oneza.

Dakika arobaini zilipotimia nilimgusa bega asogee, nikatoa ufunguo, nikaufungua mlango. Hakuutegemea ufunguo mkononi mwangu. Alinifuata ndani kwa hatua mbili, akatazama meza, akatazama kitanda, akatazama sanduku. Mtoto wa mbwa alikuwa amelala chali, miguu minne juu, tumbo wazi. Alifungua jicho moja.

"Sukari?" sajini alisema, safari hii kwa sauti.

"Hakuna, Afande. Nimeandika tangu mwanzo."

"Basi watu nangoja nini?"

"Sijui, Afande. Mimi nilikuwa namngoja yeye."

Alilitazama lile tumbo. Niliona hasira ikipanda shingoni mwake, na nikajisogeza hadi visigino vyangu vikagusa sanduku.

"Dakika ngapi?" aliuliza.

"Arobaini."

"Nalia?"

"Ulikuwa mlangoni, Afande. Ulisikia kilio?"

Alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, naona hivyo hata leo, kama mlinzi anayeulizwa kama kuna aliyepita. Kilichomtoka kilianza kama kikohozi. Kikashuka kifuani, kikarudi, na kwa ghafla sajini alikuwa ameegemea ukuta wangu akicheka kwa sauti nzito iliyovunjika vunjika, sufuria ikigongagonga goti lake, na mtoto wa mbwa akaamka na kucheza naye kupitia waya.

"Jumatatu naenda kazi?" aliuliza alipoweza.

"Naenda."

"Hii ya leo mimi nakataa. Leo iko na watu, yeye nasikia watu. Jumatatu hakuna watu. Hiyo ndiyo nasikiza."

Alikuwa sahihi, na nililiandika. Alitoka, akiwa amefunika sufuria na bado akijifuta macho, na kumbe hilo lilikuwa kosa. "Afande amepata!" mtu alipaza sauti. "Imejaa!" Foleni ikasukuma. Ilinibidi niwaingize wote, mmoja mmoja kwa utaratibu wa daftari, wafunue vyungu na watazame chini ya kitanda. Wengi walitoka wakiwa wamelambwa mikono. Mwanamume aliyesikia harufu ya sukari tangu jana alikaa akicheza na mbwa kwa robo saa, akaomba apewe ndugu yake akizaliwa.

Jumatatu nilifunga mlango saa moja na nusu, sikusema neno. Sikusimama kusikiliza. Asubuhi nzima ofisini nilipiga barua zenye makosa, na saa saba mchana nilikimbia njia nzima, viatu mkononi, kupitia vichochoro vya viwandani. Sajini alikuwa amesimama ngazini kwetu, mswaki mdomoni.

"Mama, mbwa yako."

"Alilia?"

Alitoa mswaki. "Saa mbili na robo nalia. Kidogo. Mimi napiga mguu chini, mara moja tu, yeye nanyamaza. Halafu hakuna kitu. Mimi nalala mpaka sasa." Akatema mate ya dawa ndani ya kikombe, akapanda kwenda zake.

Nilifungua mlango. Nilijua atakavyoruka, nilikuwa nimejiandaa kutomsemesha mpaka atulie. Alikuwa amelala. Nilisimama juu ya sanduku, jasho likinitoka, vumbi hadi magotini, na hakuinua hata lile sikio moja. Nilikohoa. Alipumua tu. Niliketi sakafuni kando yake na kumsubiri, nikaona subira haiwezekani, nikafungua waya.

Nikamwamsha.